Watu Elfu Tatu Ambao Hawakushuka

Maelezo ya kukiri kosa yalikuwa ya ukurasa mmoja na nusu, kwa mwandiko uliosimama wima kama askari wa gwaride, na hayakuwa na neno hata moja lililokatwa. Inspekta aliyasoma mara ya tatu, akayaweka mezani, akayafunika kwa kiganja.

"Afande, mbona unayafunika kama mboga?" Sajini aliuliza. "Mwenyewe kasema, mwenyewe katia saini. Tufunge jalada, Mkuu apumue, na sisi tukale."

"Hebu soma tena pale kwenye siku."

Kituoni walimwita Inspekta Mama Tena kwa sababu ya neno hilo hilo. Hakuna shahidi aliyewahi kukaa mbele yake akasema jambo mara moja likatosha. Sajini aliivuta karatasi, akasoma kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa kula kiporo.

"'Siku ya Jumatatu, majira ya saa nane mchana, katika mgahawa ulio mkabala na posta, nilimkabidhi wakala wa kampuni ya meli nakala ya jedwali la wageni wa visiwa vyote. Nilifanya hivyo kwa hiari yangu. Hakuna mtu mwingine aliyejua.' Sasa hapo pana nini?"

"Pana Jumatatu," alisema Inspekta, akasimama.

Kesi yenyewe ilianza wiki iliyopita. Ofisi ya takwimu ya jumuiya ya visiwa hukusanya kila mwezi hesabu ya wageni wote wanaoingia, wa ndege safu moja na wa meli za utalii safu nyingine, kisiwa kwa kisiwa. Jedwali hilo huwa siri mpaka litangazwe. Safari hii, wajumbe wa visiwa walipokutana Alhamisi na kampuni kubwa ya meli kupanga ratiba ya msimu, wakala wa kampuni alikuwa nalo tayari mkononi. Alijua hali ya Kisiwa Kidogo kama anavyojua vidole vyake: ndege zilikuwa zinapungua mwaka hadi mwaka, na katika kila wageni kumi wa kisiwa kile, tisa walitoka kwenye meli zake. Akawawekea masharti ambayo mtu mwenye njia nyingine asingeyasikiliza hata kidogo. Wajumbe wakakataa. Kesho yake Kisiwa Kidogo kikafutwa kwenye ratiba ya msimu mzima. Waongoza wageni, waendesha boti, wasusi na wachonga vinyago wakaamka hawana kazi.

Mjumbe mmoja, kwa hasira, alikuwa ameikwapua nakala ya wakala pale mezani. Nakala hiyo sasa ilikuwa kwenye jalada la Inspekta, na nje ya kituo, ukimwacha mjumbe huyo, hakuna aliyejua kwamba polisi wanayo. Wakala hakufungua mdomo. Alimleta wakili, na wakili akasema bahasha ililetwa mapokezi bila jina.

Uvumi nao haukungoja polisi. Jumapili mchana watu waliizunguka nyumba ya mtakwimu mkuu wakairushia mawe. Jiwe moja lilipita dirishani likampata mkewe juu ya jicho. Na leo, Alhamisi nyingine, saa mbili asubuhi, mtakwimu mkuu alikuja kituoni kwa miguu yake, kafunga tai, akaomba kalamu na karatasi.

Alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini na tisa. Kazini walimwita Mzee Nukta kwa sababu hakuwahi kuruhusu nukta ya desimali isimame mahali pasipo pake. Inspekta alimkuta chumba cha mahojiano, mikono juu ya meza, miwani mikononi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nimekosea mahali?"

"Nataka kuuliza mawili matatu tu. Jumatatu, saa nane?"

"Saa nane."

"Jedwali ulilompa lilikuwa zima?"

"Jedwali langu huwa zima."

"Hebu sema tena."

"Lilikuwa na safu zote. Ndege na meli, visiwa vyote. Sijawahi kutoa kitu nusu."

"Na wakala alikupa nini?"

Mzee Nukta alivaa miwani, kisha akaivua tena. "Ahadi. Safari ya meli, mimi na mke wangu. Tuvione visiwa vyote."

"Kwa nini umeamua kusema leo?"

"Wamempiga mke wangu jiwe kwa kosa langu. Ulitaka nikae mpaka lini?"

Hilo la mwisho alilisema bila kuangalia chini. Yale mengine yote aliyasema akiangalia meza. Inspekta aliandika tofauti hiyo kwenye daftari lake, akamshukuru, akatoka.

Kwenye benchi la mapokezi mke wa mtakwimu alikuwa amekaa wima, plasta nyeupe juu ya jicho la kushoto, mkoba magotini. Inspekta alikaa kando yake.

"Mama, Mzee anasema waliwaahidi safari ya meli."

"Nani? Mume wangu huyu?" Mama yule alicheka, kicheko kikamtonesha kidonda, akashika plasta. "Huyo hutapika hata kwenye kivuko, mwanangu. Miaka thelathini na mbili ya ndoa, ukweni hajafika mara tano, kwa sababu pana maji katikati."

"Basi kwa nini aseme hivyo?"

"Sijui. Tangu Jumapili ile haongei. Namngoja mtoto aje. Ni mpwa wake, mtoto wa marehemu wifi yangu, tumemlea sisi tangu ana miaka sita. Mimi mkaza mjomba tu, lakini ndiye mtoto niliyepewa. Yeye akisema neno, mjomba wake hulisikia. Nimempigia asubuhi, anasema yuko kazini, atakuja."

"Alikuja kukuona Jumapili, ulipoumia?"

"Kazi zilimbana," alisema mama yule haraka, kama mtu anayefunga mlango ili mgeni asione chumba kilivyovurugika.

Ofisi ya takwimu ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la mapazia. Chumba kilikuwa na meza sita, kabati za chuma zilizobandikwa miaka, na ukutani chati mbili zilizoshikiliwa kwa gundi. Mstari wa wageni wa meli ulipanda kama ngazi, na ule wa wageni wa ndege uliteremka taratibu upande wa pili. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa mwandiko uliosimama wima: *Wa ndege hulala. Wa meli hupita.*

Sajini alikuwa na mtu wake tayari. "Afande, mimi naanza na fundi wa kompyuta. Ana funguo za kila mashine humu ndani. Paka umpe bucha, halafu nyama ipotee, unamtafuta mbwa wa nini?"

Fundi alikuwa mtu mzima mwenye upara na kalamu tatu mfukoni. Hakukasirika. Alitoa simu yake, akaonyesha picha za harusi ya binti yake, katika mji wa mbali, na karatasi ya likizo iliyogongwa muhuri: Jumanne mpaka Ijumaa. Ameripoti Jumatatu ya wiki hii, na tangu arudi hakuna aliyemwomba afungue kumbukumbu za mashine ya kuchapia.

"Basi zifungue sasa," alisema Inspekta. "Mbele yangu."

Fundi aliketi, akabonyeza, akapangusa kioo kwa mkono wa shati. "Jedwali la mwezi uliopita... Hili hapa. Kabla ya Jumatano limechapishwa mara moja tu. Jumanne, saa kumi na dakika arobaini jioni. Nakala mbili."

"Kwa neno la siri la nani?"

"La Mzee."

Sajini alipiga makofi kidogo. "Yaleyale! Ni yeye, kakosea siku tu."

"Mzee Nukta kakosea siku?" Inspekta alimuuliza. Sajini alishusha mikono.

Inspekta alifungua jalada, akatoa ile nakala iliyokwapuliwa, akaiweka kando ya kioo. Alipitisha kalamu juu ya safu ya ndege, mstari kwa mstari, mpaka kisiwa cha kaskazini. Palikuwa na abiria 1,872.

"Namba hii iliingia lini?"

Fundi alitafuta barua ya uwanja wa ndege. "Walichelewa kuleta. Imeingia Jumanne, saa kumi na dakika kumi."

"Kwa hiyo Jumatatu saa nane haikuwapo."

"Hapakuwa na kitu, afande. Kisanduku kilikuwa kitupu."

"Na hii?" Kalamu ya Inspekta ilihamia safu ya meli, mstari wa Kisiwa Kidogo. "Meli ya Jumapili ya mwisho wa mwezi. Watu 3,146."

Fundi alisogeza kiti. "Ah, hao. Waliingizwa kutoka orodha ya meli, ila hawakushuka. Ile meli kubwa nyeupe, hapa tunaiita Jumba. Ilifika Kisiwa Kidogo, bahari ikachafuka, boti za kushushia watu zikashindwa kukaa ubavuni. Wakapiga picha wakiwa juu, wakaondoka. Mzee aliwafuta Jumatano saa mbili na nusu asubuhi, alipoisoma fomu ya bandari. Yeye ana msemo wake: mgeni ni mguu. Mguu usipogusa ardhi, hakuna mgeni."

"Lakini kwenye nakala ya wakala wamo."

"Wamo."

Inspekta alichora mstari kwenye daftari. Upande mmoja aliandika Jumanne saa kumi na dakika kumi, upande wa pili Jumatano saa mbili na nusu. Katikati akaandika saa kumi na dakika arobaini, akaizungushia duara. Kisha akaomba kitabu cha mahudhurio.

Kilikuwa kwenye meza ya mlangoni, kimefungwa kwa kamba. Jumatatu ile aliyoitaja Mzee watu wote walikuwa wametia saini isipokuwa mmoja. Mbele ya nafasi iliyo wazi paliandikwa: *Kisiwa Kidogo, kuchukua fomu ya bandari. Kurudi kesho kwa boti ya mchana.*

"Huyu ni nani?"

"Karani wa takwimu za meli," alisema fundi. "Mpwa wake Mzee. Mzee ndiye aliyemfundisha kazi, tangu kuhesabu watu ngazini kwa kidude cha kubonyeza mpaka kupanga jedwali. Siku hizi macho ya Mzee yana ukungu, binti ndiye anayemsomea namba na kumjazia."

"Anajazia kwenye mashine ya nani?"

"Ya Mzee."

"Kwa neno la siri la nani?"

Fundi aliyekuwa akizungusha kalamu aliacha kuizungusha.

Inspekta alifunua ukurasa wa Jumanne. Mpwa alirudi saa saba mchana. Mzee Nukta alitoka saa nane na nusu, na katika nafasi ya sababu aliandika *Kliniki ya macho*. Hakurudi tena siku ile. Inspekta alikipiga picha kitabu, akaichukua simu ya fundi kwa upole, akamweka askari mlangoni.

"Utakaa hapa mpaka nikutumie ujumbe. Habari ya neno la siri tunaijua watu watatu, na umeifungua leo. Ikifika kwa mtu wa nne, nitajua imetoka wapi."

Kwenye ngazi Sajini alishuka taratibu, jambo ambalo si kawaida yake. "Afande, kama Mzee anadanganya, kwa nini adanganye siku? Angesema tu sikumbuki."

"Mtu anayekiri kosa lake hana haja ya kuchagua siku. Mzee kachagua. Katika wiki ile nzima kuna siku moja tu ambayo mpwa wake alikuwa ng'ambo ya maji, na mashahidi ni boti nzima."

"Anamchagulia mtoto siku ya kuwa salama."

"Ndiyo. Ila hakujua jedwali lilitoka lini, maana halikutoka kwake."

Kliniki ya macho ilikuwa na harufu ya spiriti na viti vya plastiki vilivyounganishwa. Muuguzi alifungua daftari bila maswali mengi. Alimkumbuka Mzee kwa sababu alimsahihisha tarehe. Aliingia saa tisa kasoro dakika tano. Akatiwa dawa ya kupanua mboni, akapimwa, akatiwa tena. Alitoka saa kumi na mbili jioni, ameshikwa mkono na dereva wa teksi.

"Angeweza kusoma namba saa kumi na dakika arobaini?" Inspekta aliuliza.

"Namba?" Muuguzi aligeuza daftari. Saini ya mgonjwa ilikuwa imeruka mstari wake na kuangukia jina la mtu wa chini. "Mstari wenyewe hakuuona."

Kutoka pale Inspekta alimpigia simu ofisa wa bandari. Alitaka kujua kama ofisi ya takwimu ina mtu zamu ya leo. Ofisa akasema yupo, ila leo ndiyo siku yake ya mwisho: karani wa takwimu za meli kapata kazi kwenye ile meli nyeupe, ofisa wa mapokezi ya wageni. Begi lake limekwisha kupakiwa. Meli inaondoka saa kumi na mbili.

Ilikuwa saa tisa na robo.

Jumba lilikuwa limeegeshwa kwenye gati kuu, na kivuli chake kilifunika ofisi ya forodha, maegesho ya teksi na nusu ya barabara. Watu walikuwa wanashuka kwa ngazi mbili, wenye kofia pana, wenye fimbo, wenye watoto mabegani, na waongoza wageni waliinua vibao vyao juu. Chini ya ngazi ya kwanza, ndani ya kibanda cha turubai, alikaa mwanamke wa miaka ishirini na minane, nywele zimebanwa vizuri, kidole gumba juu ya kidude cha chuma. Kila mguu uliogusa saruji, kidole kilibonyeza. Hakuangalia sura.

"Afande," alisema kabla Inspekta hajajitambulisha. "Nimeambiwa mjomba yuko kwenu."

"Yuko kwetu. Habari za kazi?"

"Nzuri." Tik. Tik. "Naweza kuongea huku nahesabu. Nimezoea."

Inspekta alifungua daftari, akaandika saa na mahali. Alikuwa amekubaliana na Sajini kwamba atasema jambo moja tu, kisha anyamaze.

"Mjomba wako amekiri. Amesema yeye ndiye aliyempa wakala jedwali. Ameandika na kutia saini."

Kidole gumba kilisimama. Walipita watu watatu, wanne, watano bila kuhesabiwa. Kisha mpwa akavuta pumzi, mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

"Basi kama mwenyewe amekiri, afande, si yamekwisha?"

Inspekta aliyaandika maneno hayo yalivyo.

"Yeye ni mzee," mpwa aliendelea. "Bado miezi miwili astaafu. Hawatamfunga mtu wa umri ule, au siyo? Watamwonea huruma. Na isitoshe mtu akikiri, na neno la siri lililochapisha likawa lake, mtatafuta nini tena?"

"Hebu sema tena hapo."

"Nasema mtatafuta nini tena."

"Kabla ya hapo."

Mpwa alitazama ngazi, akaanza tena kubonyeza, haraka kuliko miguu iliyokuwa inapita. "Neno la siri. Si ndivyo mnavyosema? Kwamba limechapishwa kwa neno lake la siri?"

"Sisi hatujasema. Mjomba wako hajui. Kwenye maelezo yake hakuna kuchapisha wala mashine."

"Fundi kaniambia."

"Fundi amejua leo saa tano na nusu, mimi nikiwa nimesimama nyuma yake. Simu yake hii hapa." Inspekta aliionyesha, akairudisha mfukoni. "Wa nne kujua ni yule aliyeliandika Jumanne saa kumi na dakika arobaini. Mjomba wako saa hiyo alikuwa kliniki, macho yake hayaoni mstari. Nimetoka huko."

Sajini alikuwa amesogea upande wa pili wa kibanda. Mpwa alikiweka kidude mezani. Juu ya ngazi mfanyakazi wa meli mwenye sare nyeupe alimpungia mkono kwa furaha, na yeye, kwa mazoea tu, akampungia pia.

"Ulipokuwa unachapisha," Inspekta aliuliza, "fomu ya Kisiwa Kidogo ilikuwa kwenye mkoba wako. Ulijua wale watu elfu tatu hawakushuka. Mbona uliwaacha?"

"Kufuta ni kazi ya mjomba. Ningefuta mimi ingeonekana nimepitia pale." Alisema kwa sauti ile ile ya kazini. Kisha akaongeza, chini zaidi, "Miaka saba nahesabu watu wanaosafiri. Saba. Waliniambia nafasi ni moja, na wanataka waone kama naweza kuaminika."

"Kuaminika?"

Mpwa alikisogeza kile kidude pembeni ya meza.

"Kwa nini hukutumia neno lako mwenyewe la siri?"

"Kwa sababu yeye wasingemfanya kitu. Nani angeamini Mzee Nukta kafanya vile? Lingeishia hewani tu. Sikujua kuhusu mawe."

"Ulipojua?"

Mpwa alifunga zipu ya jaketi lake mpaka juu, ingawa joto lilikuwa la kupasua vichwa. "Mjomba hajawahi kuninyima kitu. Hata hili ningemwomba, angelibeba mwenyewe."

"Ulimwomba?"

"Sikuwa na haja. Si amelibeba?"

Inspekta alimsomea haki zake, neno kwa neno, akamwambia Sajini amwarifu nahodha kwamba kuna begi la kuteremshwa. Ofisi ya bandari ilimleta mtu mwingine akae kwenye kibanda. Yule aliyekuja aliuliza aanzie namba ngapi, na hakuna aliyeweza kumwambia.

Walifika kituoni saa kumi na moja. Waliingia mlango wa mbele kwa sababu ule wa nyuma ulikuwa umezibwa na gari bovu, na Inspekta akajuta kabla hajamaliza kuvuka kizingiti. Mkaza mjomba alinyanyuka kwenye benchi, mkoba ukamdondoka.

"Umekuja, mama! Nilisema mimi. Nilisema mtoto akija huyu mzee atatoka." Alimkumbatia mpwa, akamshika uso kwa mikono miwili. "Mbona umekonda hivi? Kaa. Kaa hapa karibu yangu. Afande, mwacheni apumue kwanza, ametoka kazini."

Mpwa alikaa. Alitazama plasta ile mara moja, akageuzia macho ukutani. Sajini alisimama karibu yao, kofia mkononi kama yuko msibani.

Kwenye chumba cha mahojiano Mzee Nukta alikuwa amesimama, sikio lake limeelekea mlangoni.

"Hiyo ni sauti ya mke wangu."

"Ndiyo, Mzee."

"Anamwita nani mama?"

Inspekta alivuta kiti, akamngoja akae. Alimwekea mbele picha ya kitabu cha mahudhurio, daftari la kliniki, na nakala ya wakala. Alimwonyesha 1,872, akamwonyesha 3,146. Mzee aliinamia karatasi, pua yake nusura iguse wino. Hakubisha. Alipofika kwenye mstari wa Kisiwa Kidogo alitikisa kichwa taratibu.

"Hawa niliwafuta," alisema.

"Najua."

"Amekuja mwenyewe, au mmemleta?"

"Tumemleta. Alikuwa apande meli saa kumi na mbili."

Feni ya juu ililalamika. Kisha Mzee akauliza swali ambalo Inspekta aliliogopa njia nzima kutoka bandarini.

"Ulipomwambia kwamba nimekiri, alisema nini?"

"Mzee, kwa kesi hilo halina uzito sana."

"Kwangu lina."

Inspekta angeweza kusema kwamba mpwa alilia. Lakini daftari lilikuwa mezani, na mtu aliye mbele yake alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na nne ya kujua namba iliyopambwa inafananaje. Inspekta alilifungua pale penye maneno yale, akaligeuza, akamsogezea.

Mzee Nukta alisoma kwa kidole. Alifika mwisho, akarudi mwanzo.

"Hapa alikuwa anajua mmemgundua?"

"Hapana. Nilikuwa sijamwambia kitu kingine."

"Hakuuliza nina hali gani?"

"Hapana."

"Hata kama nimekula?"

Inspekta alitikisa kichwa. Mzee alivua miwani, akaikunja mkono mmoja, kisha mwingine, akaiweka juu ya maelezo yake ya asubuhi.

"Jumapili ile," alisema, "mke wangu anavuja damu, nimembana kitambaa usoni, nikampigia simu mtoto. Nikamwambia njoo, mkaza mjomba wako ameumia. Akaniuliza kama polisi wamekwisha kufika. Hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza. Nikajua pale pale, binti yangu. Lakini nikasema ni uoga tu. Mtoto akiogopa husema lolote. Nikasema nikimwondolea huu mzigo, atakuja mwenyewe kusema ukweli. Nilimpa siku nne. Leo nikampa na Jumatatu."

Aliyachukua maelezo ya asubuhi, ukurasa mmoja na nusu usio na neno lililokatwa, akachora mstari mmoja mrefu kutoka kona ya juu mpaka ya chini. Akatia saini pembeni, na saa.

"Nipe karatasi nyingine."

Aliandika dakika ishirini. Safari hii aliandika kubwa kwa sababu ya macho, na mara mbili alikata neno akaandika upya. Aliandika Jumanne, kliniki, neno la siri alilompa mtu anayemwamini, na simu ya Jumapili. Alipomaliza alizisukuma karatasi mbele, akauliza bila kuinua kichwa:

"Mke wangu bado amekaa naye pale?"

"Bado."

"Anafikiri amekuja kunitoa."

"Ndiyo."

"Basi nenda wewe ukamwambie. Mimi akiniuliza, nitamdanganya tena."

Inspekta alizikusanya karatasi, akazihesabu, akafungua mlango. Pale kwenye benchi mkaza mjomba alikuwa amemshika mpwa mkono, anamwambia jambo sikioni na kutabasamu kwa upande mmoja wa uso, ule usiouma.